Weusi Chini ya Macho ya Shemeji

Mwaka 1972, pale kwetu Rumonge, mji wa kando ya ziwa, weusi chini ya macho uliweza kumpandisha mtu lori. Sitii chumvi. Leo watu hunijia na vikopo vya krimu vilivyotoka Dubai wakiniuliza kipi kinaondoa ule weusi, nami huwajibu, maana jambo hilo nalijua kuliko muuza krimu yeyote wa soko hili. Lakini mwaka ule hakuna aliyeniuliza kwa ajili ya uzuri.

Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi michache kabla. Niliondoka mwaka wa uhuru, kijana asiye na viatu, nikavuka kwenda Kongo. Nilifagia wodi, nikasoma kwenye mwanga wa taa za watu wengine, nikarudi na diploma ya uuguzi yenye muhuri, na picha yangu nimefunga tai. Hakuna mjomba, hakuna padri, hakuna shehe aliyeninunulia hata kalamu. Katika mtaa wetu wa Waswahili wenye diploma walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nilikuwa kidole gumba.

Nilikaa kwa dada yangu mkubwa. Mume wake alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu wanaovuliwa usiku kwa taa. Tangu ujana wake alikuwa analala mchana, na usiku anakesha akitazama mwanga wa karabai juu ya maji. Macho yake yalikuwa yamezungukwa na weusi kama masizi ya chungu, na chini ya kila jicho kulikuwa na kifuko kilichovimba. Dada alizoea kumtania mbele ya wageni: "Mimi nimeolewa na bundi."

Kisha vurugu za waasi zikaanza upande wa kusini wa pwani ya ziwa. Watu wakauawa. Baada ya hapo jeshi likaja, nalo likaanza kuchukua watu. Askari walikuwa wanawatafuta waliokesha milimani pamoja na waasi, na waliosoma nao wakaanza kuitwa na wasirudi. Dada aliichukua diploma yangu, akaifunga kwenye nailoni, akaifukia chini ya mafiga. Nilikasirika. Jasho langu la miaka yote ile likae chini ya majivu! Lakini aliendelea kusawazisha majivu kwa viganja, nikamwacha.

Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku. Siku chache baadaye jirani yetu, fundi cherehani, alileta habari kutoka Minago. Kwenye kizuizi cha barabarani huko, mvuvi mmoja alishushwa kwenye baiskeli akaambiwa avue kofia. Askari akamkazia macho. "Wewe haulali. Usiku unakuwa wapi?" Yule akasema ziwani. Wakamwambia ziwa limefungwa, mwongo mkubwa wewe. Akapandishwa lori, baiskeli ikabaki imeegemea mchikichi.

Fundi alipomaliza alimtazama shemeji, halafu akatazama chini. Sote tukatazama chini.

Haukupita muda, mtu wa komini, ile ofisi ya serikali ya kwetu, akapita na kipaza sauti: wanaume wote wa mtaa wajipange kwenye uwanja wa mpira asubuhi ya siku ya soko. Lilikuwa limebaki juma moja. Dada hakusubiri hata kile kipaza sauti kikate kona.

"Wewe si muganga?" akaniambia. "Basi ondoa."

"Niondoe nini?"

"Usijifanye mutoto. Hii sura ya bwana yangu iko nyeusi namna hii, ataenda kusimama nayo mbele ya wasoda na bunduki zao? Ondoa, ama ntabaki mujane."

Shemeji akacheka kidogo. "Mwache, mama watoto. Hii ni rangi ya kazi. Haifuliki."

"Inafulika," nikasema.

Nilimkalisha mlangoni, uso kwenye mwanga wa asubuhi, nikaivuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole. Ngozi ya mahali pale ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote ya uso, na damu iliyolala ndani yake huonekana kama kivuli. Ukiivuta na weusi ukabaki vilevile, hiyo ni rangi ya kuzaliwa, utakufa nayo. Ukiivuta na weusi ukapungua, sehemu kubwa ni uvimbe na uchovu, na hivyo vina dawa. Wake ulipungua. Sio wote, lakini ulipungua. Nilimwambia dada kwamba nitaondoa uvimbe, na uvimbe ukiondoka kivuli chake kitaondoka nacho. Kile kitakachobaki kila mtu anacho.

"Si tumupake poda?" dada akauliza. "Ama wanja, aonekane mutu wa dini."

"Hapana. Kinachopakwa kinafutika, na anayefutwa ataulizwa alikuwa anaficha nini."

Fundi cherehani naye akasogea mlangoni. Macho yake hayakuwa bora sana, kwa sababu alikuwa anashona usiku kwa koroboi. "Na mimi niangalie, muganga."

Nikamvuta ngozi, nikamwambia: usiku lala, usishone.

"Nguo za watu ntashona saa ngapi? Kulala ni kazi ya matajiri."

"Basi angalau usiyasugue hayo macho."

Akaondoka anayasugua.

Sasa ikaanza kazi yangu, na mtu asiniambie ilikuwa ndogo. Nilipiga marufuku chumvi jioni. Katika nyumba ya mvuvi nilikataza ndagala wakavu! Chumvi huvuta maji mwilini, na maji hayo asubuhi hukaa chini ya macho. Nilihamisha jiko nyuma ya nyumba ili moshi usimfikie. Niliweka gunia la pamba ya msufi chini ya mto wake ili kichwa kiinuke. Asubuhi na jioni nilimlaza chali nikamwekea vitambaa vilivyolowekwa maji ya mtungini, na vingine nilivichovya kwenye chai ya rangi iliyochemshwa ikapoa kabisa. Alikuwa na tabia ya kujisugua kwa mgongo wa mkono, akinyanyua mkono tu nampiga kofi la vidole.

"Shemeji, hata mama yangu hakunipiga hivi."

"Mama yako hakuwa na diploma."

Tatizo kubwa lilikuwa usingizi. Mwili wake ulikuwa umezoea kulala jua likiwa juu. Nikasema basi mchana asilale hata dakika, achoke. Na kwa sababu hakuweza kutoka nje ya mtaa, alifanya kazi za uani: akachota maji, akapasua kuni, akatwanga sombe, yale majani ya muhogo yanayotwangwa na wanawake. Majirani walikuja kumwangalia juu ya ua.

"Eh! Leo bundi anatwanga!"

"Anatwanga kama anamupiga mwizi! Polepole, baba, majani hayajakukosea!"

Yeye alitwanga tu, jasho linamtiririka, macho yanamfumba akiwa wima.

Lakini giza likiingia usingizi ulikimbia. Kila gari lililopita barabara kuu lilimwinua kitandani, akasimama katikati ya chumba akisikiliza kama linapunguza mwendo. Dada aliniomba nimpe kidonge. Vidonge nilikuwa navyo. Nilikataa: wakija kugonga wakamkuta amelewa dawa, hawezi kutembea wala kujieleza, ni nani atakayembeba? Nikafanya lile lililobaki. Nikaweka kiti nyuma ya mlango, nikamwambia, "Wewe lala. Mimi nasikiliza. Gari likisimama, nitakugusa mguu." Hapo ndipo alipolala. Nikisinzia tu na kiti kikatoa mlio, anaamka. Nikajua kwamba atalala pale tu nitakapokuwa macho, nikakaa macho. Usiku ule, na uliofuata, na mwingine wote mpaka siku ya soko.

Asubuhi ya siku hiyo nilimgeuza kwenye mwanga. Vile vifuko havikuwepo. Weusi ulikuwa umebaki mstari mwembamba kwenye kona karibu na pua. Nimetibu watu wengi baada ya hapo, nimeongoza zahanati, nimefundisha wauguzi ambao leo wana magari. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Uwanjani tulipangwa mistari miwili, nyuso kwenye jua. Wanawake walizuiwa upande wa soko, nyuma ya askari. Ofisa kijana alipita na fimbo yake, akitazama kwanza miguu kama ina mikwaruzo ya msituni, halafu anainua kidevu cha mtu kwa fimbo na kutazama macho.

Fundi cherehani alikuwa kabla yetu. Nilimtazama ubavuni: alikuwa amepaka poda. Ofisa akamtazama. Akalamba kidole gumba, akakipitisha chini ya jicho la fundi taratibu, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Kidole kikatoka cheupe.

"Wewe ni mwanamke?"

Askari wawili wakacheka.

"Hapana, shefu. Nashona usiku, shefu. Niko na mashine, mutu yeyote hapa anaweza—"

"Kama unashona, unaficha nini?"

Wakamshika mikono, na lori lilikuwa pale pale, injini inaunguruma. Sikumwona tena. Nguo za watu zilikaa kwenye mashine yake mpaka mke wake alipozigawa mwenyewe, kila mtu na yake, nyingine hazina mikono.

Ofisa akafika kwa shemeji. Fimbo chini ya kidevu. Kidole kikalambwa tena. Akafuta jicho moja, akakitazama kidole, akafuta la pili. Hakikutoka na kitu.

"Kazi?"

"Mvuvi."

Nilitamani angesema lingine lolote.

"Mvuvi anavua nini siku hizi?"

"Havui, shefu. Niko nyumbani. Natwanga sombe."

Mdomo wa ofisa ukacheza kidogo. "Huyu analala," akamwambia mwenzake. "Sogea."

Shemeji alikuwa bado anasogea wakati fimbo ilipogusa kidevu changu.

"Na wewe?"

Niliona macho yake yamesimama chini ya macho yangu, na hapo nikaelewa alichokuwa anakiona. Juma zima nilitazama macho ya mtu mmoja tu.

"Usiku unakuwa wapi?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Mimi ni muuguzi, nina diploma, nilikuwa nalinda usingizi wa mgonjwa. Nikautazama ule ukweli: neno la kwanza lingenipeleka pamoja na waliosoma, na la mwisho lingemrudisha shemeji kwenye mstari. Ofisa angeuliza tu: unamlinda na nini?

"Mulevi huyo!"

Ilikuwa sauti ya dada, kutoka upande wa soko.

"Mulevi wa urwarwa! Anakunywa usiku muzima, anarudi kunitapikia mulangoni! Muulizeni kama hana aibu! Mutoto wa Kiislamu!"

Ofisa akageuka. "Ni nani wako?"

"Ni mutoto wa mama yangu, bahati mbaya yangu!"

"Mbona hanuki?"

"Nimemumwagia ndoo ya maji asubuhi! Ulitaka aje hapa kunuka mbele ya serikali?"

Mstari mzima ukacheka, na askari pia. Ofisa akarudi kwangu. "Kweli wewe ni mlevi?"

Sijawahi kuonja urwarwa wala pombe nyingine yoyote. Huko Kongo niliacha marafiki kwa sababu ya chupa. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama, wale wale walioniona nikishuka na sanduku langu na tai yangu.

"Ndiyo, shefu."

"Sema wakusikie."

"Mimi ni mlevi!"

Akanisukuma kifua kwa fimbo. "Nenda ukalale, mbwa wewe."

Tulirudi nyumbani watatu, shemeji katikati. Askari walikuwa wamesimama kando ya barabara, kwa hiyo dada aliendelea kunitukana njia nzima: takataka, aibu ya ukoo, afadhali mama angezaa jiwe. Tukawapita askari wa mwisho, akaendelea. Tukaingia uani, akaendelea, sauti imekwisha kukauka, machozi yanaingia mdomoni, na maneno yanatoka yale yale, mulevi, mulevi, huna aibu.

Shemeji akafunga mlango, akamshika mabega.

"Imetosha, mama watoto. Tumefika."

Dada akakaa kwenye mkeka. Mdomo wake uliendelea kusogea kwa muda mrefu, bila sauti.