Rangi ya Plagi

Fundi wa magari wa mjini Bwera hachagui plagi mpya za injini kabla hajazisoma za zamani. Huinua kila moja kwenye jua: ikiwa nyeusi kwa masizi, kabureta inamwaga petroli nyingi; ikiwa nyeupe, injini inaunguzwa na joto. Leo Hanifah, aliyemletea kigari cha mbio cha marehemu baba yake, alimwona akigeuza plagi ileile mara nne.

"Mzee, umelala?" alimtania.

Fundi hakucheka. Alitazama kama wateja wengine wanasikia, akamtilia plagi kiganjani.

"Iko rangi gani, mama?"

"Nyeupe," Hanifah alinong'ona. "Kama chokaa."

"Basi tutaweka ya baridi, ile inayotoa joto upesi. Usiambie mutu kama macho yangu hayaoni rangi tena."

Hanifah akavuta tairi, akaketi karibu naye, akainua ya pili kwenye jua ili amsomee.