Mama Chupa na Sinki la Maabara

Mama Chupa alikuwa na pua kali, na kazi yake ilikuwa kuosha vyombo kwenye maabara inayonuka yai viza. Humo wanasayansi walipika madini ya risasi na salfa ndani ya mafuta ya moto mpaka zikatoka chembe ndogo mno, ambazo huona mwanga wa joto usioonwa na jicho la mtu. Nyingine ziliingia kwenye kamera za kuonea gizani, nyingine kwenye leza.

Yeye akikuta chupa ina utando wa kahawia unaoteleza kama makamasi, alijua chembe zimeshikana.

"Mmechemsha kupita kiasi tena," aliwaambia wapishi wale wenye digrii. Walimcheka, wakapima, wakakuta ni kweli.

Mabaki yote yalipaswa kwenda kwenye pipa la sumu. Asubuhi moja pipa lilikuwa limejaa pomoni, gari la kulichukua halijatokea, na wakaguzi wanakuja mchana. Msimamizi akaingia kaziba pua.

"Mama, mwaga ndoo mbili tatu kwenye sinki. Fungulia maji mengi."

"Sinki hili linatokea mtaroni, baba. Dada yangu anamwagilia mboga maji ya mtaro ule. Wajukuu wangu wanaoshinda kwake wanazila."

"Si waoshe vizuri? Fundi wa kuosha si wewe?" Akacheka peke yake.

Mama Chupa akaweka chini chupa aliyokuwa akiosha. Harufu alishaizoea miaka saba; yale meno yanayochekea sahani ya watoto hakuyazoea.

"Simwagi."

"Basi kesho usije. Namwaga mwenyewe."

Akatoka kutafuta glovu, maana hakujua hata zinakaa wapi. Mama Chupa akapiga magoti, akafungua shingo ya bomba chini ya sinki kama afanyavyo kila likiziba, akasukuma karai kubwa chini yake.

Msimamizi akarudi, akainua ndoo, akamwaga yote kwa mkupuo. Karai likafurika. Uchafu mweusi ukamrukia suruali, ukamjaa viatuni. Chumba kikanuka hadi wapishi wakakimbilia nje.

"Umenifanyia nini, mwanamke wewe!" alifoka, anarukaruka kwa mguu mmoja. "Mwenzako wa zamu ya jioni mwaka mzima anamwaga humu, hana maneno!"

Mama Chupa akaanza kuhesabu sahani za mboga walizokula wajukuu. Mwaka mzima.

Wakaguzi walipofika walikuta msimamizi kavaa soksi tupu, na karai likajieleza lenyewe. Wakamuuliza Mama Chupa, akawaambia yote, la mwaka mzima pia. Hakungoja kusikia kama bado ana kazi. Akaenda moja kwa moja bustanini kwa dada yake, akainama, akaanza kung'oa.

"We dada, una wazimu? Mboga zangu!"

"Watoto wamezila lini mara ya mwisho?"

"Jana. Kwani nini?"

Mama Chupa akatema mate pembeni, akaendelea kung'oa.

"Kawavishe viatu," alisema. "Tunakwenda nao hospitali wakapimwe damu."