Mafuta Yangu Yalipochacha

Niliolewa katika kijiji cha jirani na Segese, wakati vijana waliopelekwa na Waingereza vitani Bama, yaani Burma, walikuwa wameanza kurudi makwao. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, nami nilibaki kwa wakwe. Hapo palikuwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeachika na kurudi kwao. Baada ya mavuno mama mkwe alitugawia karanga, na kila mmoja akakamua mafuta ya jiko lake.

Ya wifi yalidumu. Yangu, hata mwezi haujaisha, yalitoa harufu kali na kukwaruza koo. Karanga zilitoka ghala moja, maji kisima kimoja. Ningefikiri nini?

Nikaanza kumchunga. Kila nilipopita karibu na jiko lake alifunika chungu kwa ungo. Mchana mmoja nilitoka kisimani nikamkuta anatoka jikoni kwangu, ameshika kaa la moto juu ya kigae.

"Nimefuata moto, wifi," akasema.

Jiko lake lilikuwa linafuka moshi.

Tangu siku hiyo nilifunga chungu changu kwa kitambaa na fundo la kwetu Shinyanga. Fundo halikuguswa, mafuta yakachacha vilevile. Nikajiambia amejifunza kulifunga.

Mume wangu aliporudi likizo nilimweleza yote, naye akayafikisha kwa mama yake. Mama mkwe hakupenda maneno ya chini chini. Alituita wote wawili uani kwake.

"Leo mtakamua hapa, mbele ya macho yangu. Vyungu vitakaa uvunguni mwa kitanda changu. Tutaona ni nani anayeingiza mkono."

Tukakaanga, tukapepeta, tukatwanga mpaka karanga zikawa uji mzito, tukakanda kwa maji ya moto. Mafuta yalipopanda juu niliyaengua, nikatia chunguni, nikafunika. Nilimaliza mapema nikaenda kukata kuni. Sikuona wifi alivyomaliza.

Siku ya kufungua, wiki tatu baadaye, walikuja baba mkwe na shangazi wa mume wangu. Chungu cha wifi kilinukia karanga. Changu kilipofunuliwa, baba mkwe aligeuza uso.

Mimi nilikuwa nimengoja wifi aumbuke, na hakuna aliyeingia chumba kile ila mama mkwe mwenyewe.

"Basi hakuna aliyemharibia," shangazi akasema polepole. "Mkono wake mwenyewe ndio mbaya."

Katika nchi ile neno kama hilo likimwangukia mwanamke haliishii kwenye mafuta. Kesho wangeanza kukumbuka ndama waliokufa tangu nilipofika. Nilimwona mama mkwe akikitazama chakula nilichopika asubuhi, kisha akakisogeza kando kwa mguu.

Wifi ndiye aliyeinuka. Alichota mafuta yangu kwa upawa, akayamimina kwenye kigae juu ya moto. Yakalia, yakaruka huku na huku. Akafuta kigae, akamimina yake. Yakafuka moshi kimya.

"Mayu, haya yana maji," akamwambia mama yake. "Ameyaengua akayahifadhi hivyo hivyo, na machicha ndani. Mimi huyarudisha motoni mpaka yanyamaze, nayaacha yatulie, ndipo nayamimina taratibu. Siku ile ya moto nilikwenda kunusa chungu chake, nikajua."

"Na hukumwambia?"

"Alinitazama kama mchawi. Angenisikia?"

Nikasema kwamba kwetu tulikamua kidogo, tukamaliza siku chache baadaye. Mama yangu hakuwahi kuyachemsha mara ya pili.

Shangazi akacheka puani. "Maji tu?"

Ikabidi nikamue tena, peke yangu, wote wakinitazama. Niliyachemsha mpaka hakikusikika kitu, nikaacha machicha yazame, nikamimina ya juu. Chungu kikarudi uvunguni. Muda wote huo hakuna aliyekula nilichopika. Mume wangu alikula kwa dada yake, akarudi mgodini bila kuniaga vizuri. Wifi peke yake alimega ugali wangu, nami nilimtazama akitafuna, nikijiuliza anataka nini kwangu.

Mafuta yalitoka mazuri. Mama mkwe alichovya tonge, akala, akaniambia niandae mboga ya watu wote. Wifi alikuwa anamenya viazi; hakuinua uso.

Shangazi alionja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena, halafu akaomba kibuyu apeleke kwake. Nilimjazia mpaka shingoni. Aliondoka nacho, lakini njia nzima mpaka kwenye kona ya shamba la mihogo alikishika mbali na mwili wake.