Mbuzi ya Nazi Iliyokula Majani

Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka, ingawa wa kulaumiwa ni mimi.

Nilikuwa najifunza kuchora vifaa vya gemu kwa pikseli, yaani vimraba vidogo vidogo. Mwenzangu Elibariki, mtu wa Lushoto, ndiye anayeviingiza kwenye gemu yetu ya kijiji cha pwani. Nikamtumia mbuzi ya kukunia nazi, niliyoihangaikia wiki nzima: miguu, kibao, hadi meno ya chuma.

Jumamosi tukawaonyesha ndugu zangu kule Pongwe. Skrini ilipowaka, mbuzi yangu ilikuwa inatembea shambani, inakula majani. Sebule nzima ikaangua kicheko.

Nikasimama. "Elibariki, umenidhalilisha. Hujui mbuzi ya nazi? Kwenu wali mnaupika na nini?"

"Na mafuta, dada," akajibu taratibu. "Mimi nilifuata maelezo yako."

"Maelezo gani? Yasome basi, wote wasikie."

Akatoa simu, akasoma kwa sauti: "Mbuzi wetu huyu hapa, kakamilika. Usimfungie ndani, nataka watu wamwone."

Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Tumemwona, mwanangu," akasema.