Kipande Nilichokikata

Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Kinole, mwanangu, ukungu bado umelala migombani, na mimi nimesimama uani kwa marehemu mjomba wangu nimeinua simu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa mtu wa IT katika ofisi moja mjini Morogoro, na kijiji kizima kiliniona mtaalamu. Hata redio ikikwaruza nilikuwa naitwa mimi.

Usiniache hapa ukidhani ni mzee mwingine wa kulaumu simu. Mimi siungani na wanaosema mitandao imewaharibu vijana. Kompyuta imenilisha na kunisomeshea watoto. Singeli naisikiliza ofisini mpaka vijana wananionea aibu. Na hiyo akili bandia mnayoandikia barua za kuomba kazi, nami nimeitumia kuandika hotuba ya harusi ya mpwa wangu, na shemeji yangu akatoa machozi kabisa. Sijamwambia mpaka leo. Katika kazi hii ukifika arobaini na tano unaitwa mzee, basi nivumilie nizungumze kizee.

Turudi uani. Mjomba Shomari tulikuwa tumemzika jana yake. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Alikaa mkekani hasemi, hajibu, kanga imemdondoka kichwani wala hana habari. Nilimwogopa. Nilidhani tutazika wawili.

Ndipo akaingia Bi Mwanaidi. Yeye alikuwa mtani wetu. Sisi Waluguru koo zetu zina watani, na mtani akija msibani haji kulia. Anakuja kumwigiza marehemu, kunyang'anya vitu, kutukana kidogo, mpaka waliofiwa wacheke na kula. Ni kazi yake kabisa, kama vile wengine wanavyochimba kaburi. Na mtani hakasirikiwi.

Basi Bi Mwanaidi, mama wa miaka sitini hivi, alitokea amevaa koti la mjomba, kofia yake na mabuti yake ya mpira, anachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea mjomba. "Nani kahamisha redio yangu?" akafoka, sauti ileile. "Nimeondoka jana tu mmeshaanza kugombania betri!" Watu wakaanza kuguna. Akaenda mpaka kwa mama, akajilaza mkekani pembeni yake, akakoroma mpaka kuku wakakimbia. Kisha akafumbua jicho moja. "Na wewe dada yangu unalia nini? Si ulikuwa unasema nakoroma sana? Haya, jana ulilala vizuri?"

Mama akacheka. Mama yangu weee, alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akalia kilio chenyewe sasa, halafu akasema, "Nipeni uji."

Vyote hivyo nilivirekodi. Jioni nikakaa na simu yangu, nikachukua dakika moja, nikairusha mtandaoni na maneno mawili juu yake: Kituko msibani. Sikuwa na nia mbaya, wallahi. Ila nilikata kipande kimoja. Pale mama alipocheka na kulia, kichwa wazi, kamasi zinamtoka, hapo ndipo nilipokata, na kwingineko nikabana picha mama asionekane. Sikutaka watu wamwone mama yangu vile.

Jumatatu nikiwa ofisini ile dakika moja ilikuwa imeshafika kila mahali. Mtu mmoja aliitia mdundo wa singeli, ule mkoromo ukawa unajirudia, na nakiri nilicheka, nikajiona na mimi fundi. Kisha nikasoma maoni. Watu wasiojua utani wetu waliona mwanamke kavaa nguo za maiti, anaongea kwa sauti ya maiti, kajilaza chini. Mwanga huyo, waliandika. Mchawi mchana kweupe. Achomwe. Mamia kwa mamia.

Nikafuta. Ngoja nikuambie kitu cha kitaalamu, ambacho sikukisomea chuoni bali nilikijua siku ile: ukifuta kwako, umefuta kwako tu.

Wiki ile ile mama akanipigia. Bi Mwanaidi alikuwa na binti mmoja, Zuhura, ameolewa Dumila kwa watu waliohamia kutoka mbali, na alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kike. Wakwe waliiona ile dakika moja. Wakasema mtoto haendi Kinole kwa bibi yake, na bibi yake asije. Mjukuu wa kwanza huyo. Bi Mwanaidi alikuwa ameshashona hata kishuka cha kumbebea.

Nikapanda bodaboda kwenda kwake. Nilimkuta anamenya magimbi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mtani. Karibu ukae. Umekuja kunipiga picha nyingine?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Haya. Ifute."

"Nimeifuta, bibi. Lakini wengine wameshaichukua. Siwezi kuirudisha."

"Si wewe fundi?"

Akamenya gimbi lingine, kisha akauliza taratibu, "Hivi mama yako yuko wapi kwenye hiyo picha? Nimeonyeshwa, sijamwona. Na mimi nilikuwa naongea naye."

"Nilimkata. Sikutaka watu wamwone katika hali ile."

Kisu kikasimama. "Kumbe ulijua," akasema. "Ulijua kuna cha kustiriwa. Wako ukamstiri. Mama wa Zuhura ukawaachia watu."

Mwanangu, nimewahi kufokewa na mabosi, nimewahi kuzima mtambo wa ofisi nzima kwa kidole kimoja mwisho wa mwezi. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Afadhali angenitukana. Lakini alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Kukukasirikia siruhusiwi, we mtani wangu. Faini lakini utalipa, na si ya kuku. Siku nikifa, kanga zangu utavaa wewe. Wewe usiyeweza kusema mbele ya watu watatu."

Nikasema sawa. Ungefanya nini?

Dawa nilikuwa nayo mfukoni tangu siku ya kwanza. Video nzima ilikuwa kwenye simu yangu, na mama akicheka ndani yake. Ningeipeleka Dumila kesho yake. Sikuipeleka, kwa sababu ingebidi nimwambie mama kwamba nilimkata na kwa nini, na niliona haya. Nikawa najipa kazi. Leo printa, kesho mtandao umekatika. Nilikaa miezi hivyo, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipomwambia mama hatimaye, hata hakunigombeza. Aliinuka akatafuta viatu. "Twende ukawaonyeshe mimi," akasema.

Tukaenda. Baba mkwe wa Zuhura aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka mwisho, akairudia. "Ah! Kumbe alikuwa anambembeleza huyu mama," akasema. Mama akamjibu, "Alinilisha, baba. Ningekufa na kaka yangu."

Mtoto akaletwa Kinole. Lakini aliyekatazwa kuja akiwa mchanga sasa alifika anatembea, na alipomwona bibi yake akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mama yake. Hakumjua. Kile kishuka kilikuwa kimekunjwa kitandani, mtoto ameshapita umri wa kubebewa. Bi Mwanaidi alicheka, akasema atazoea. Zuhura hakucheka, na hakuniamkia. Mimi nilitoka nje nikalia.

Bi Mwanaidi alifariki mwaka jana. Asubuhi ya pili ya msiba, mama akanitazama tu. Nikavaa kanga za marehemu, doti nzima, na kilemba chake, nikatoka uani na kitambi changu hiki. Watu wakaanza kucheka, na hapohapo nikaziona: simu tatu, nne, kumi, zinainuka.

Toba! Nilisimama. Kisha nikakumbuka mimi ni mtani, na mtani msibani ananyang'anya. Nikachukua tenga lake la ndizi, nikafoka kwa sauti yake, "Mnanipiga picha sijachana nywele? Leteni hapa! Leteni, mtazikuta nikifufuka!" Nikapita mtu kwa mtu. Wakacheka, wakatia simu mojamoja, mpaka imamu akatia yake. Hawakuweza kunikasirikia. Ndiyo desturi.

Nikafika kwa Zuhura. Alikuwa amekaa mkekani vilevile alivyokaa mama yangu, hajala, na binti yake, sasa msichana mkubwa, amemwegemea. Miaka yote ile alikuwa hajasema nami. Akanitazama tangu kilemba mpaka miguuni. Akatoa simu yake, akaitia kwenye tenga.

"Mama alikuwa anatembea haraka kuliko hivyo," akasema. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na binti yake naye akacheka. Kisha akaomba chai.

Mwanangu, hilo hulioni popote mtandaoni. Aliyekuwepo ndiye analo.

Kwa hiyo sikuambii utupe simu. Rekodi, rusha, cheza, tengeneza vichekesho, nitavicheka. Ila kabla hujabonyeza, tazama ulichokikata. Kama umemwondoa mama yako kwenye picha, basi kuna mama wa mtu aliyebaki humo, mwondoe naye. Na ukishakosea, usikae miezi unatengeneza printa. Nenda siku hiyohiyo, ukiwa bado unaona haya, mtoto wa watu bado ni wa kubebwa mgongoni.

Nakuombea Mungu akupe mikono ya ufundi na riziki isiyokatika. Akupe, siku utakayofiwa, mtani wa kukufanya uombe uji, na waliokuzunguka wamwache afanye kazi yake. Amina, mwanangu.