Rabia na Nguo Yake Nzuri

Ukitaka mutu ya kusema mbele ya ofisi, unaita mimi, Kenyi. Shule nilitoka darasa ya nne, lakini mdomo yangu ilimaliza yote.

Mwaka sabini na nne, moto ilikula nyumba ya Rabia pale Koboko, huyu mama ya kusuka mikeka. Sufuria, godoro, nguo, yote moshi. Akalala na watoto tatu jikoni kwa jirani yake Hadijah, na mvua iko karibu. Kwa mji ya Arua kulikuwa ofisi ya msaada inagawa mabati. Nikamwambia, "Twende, dada. Mimi nitasema."

Sasa, kwetu Wanubi, mwanamke hapana kwenda ofisi kama mutu ametoka kulima. Majirani walimvalisha. Hadijah alileta leso mpya, Hawah viatu, bibi yangu shanga na manukato. Tukapanda lori ya tumbako mpaka Arua.

Karani, Saturnino, aliangalia yeye kutoka chini mpaka juu. Mimi nikaanza kazi. "Bwana karani, huyu si mutu ovyo! Ukoo yake inajulikana Koboko yote!"

Saturnino akafunga kitabu. "Sisi tunasaidia maskini. Huyu mama ananukia kuliko bibi ya DC. Mwingine aingie!"

Rabia akanigeukia. "Kenyi, sasa nyamaza. Umesaidia sana."

Nikanyamaza. Uliza watu, haijatokea tena.

Akavua viatu, akaweka juu ya meza. "Hii ya Hawah. Mguu yangu inaingia nusu tu." Akaweka shanga. "Hii ya bibi ya huyu mdomo." Halafu akashika fundo ya leso. "Na hii ya Hadijah. Bwana, unataka nikuje na nguo yangu mwenyewe? Yangu iko majivu. Nikikuja na yangu, nakuja uchi."

Akaanza kufungua.

"Hapana, mama, hapana!" Saturnino alisimama mpaka kiti ikaanguka. Watu ya mlango wanacheka. "Nitaandika! Mabati kumi na mbili!"

"Na misumari?"

"Misumari haiko kwa orodha."

"Basi mabati nitashika na mate ya Kenyi?"

Akapata misumari.

Jioni lori ilikuwa inarudi. Dereva akamwita akae mbele, kwa kiti. Rabia akakataa. Alikaa juu ya mabati yake mpaka Koboko, na mimi nikakaa karibu, nafundisha yeye namna ya kusema na makarani.