Nilikata Mbao za Mlango wa Mdogo Wangu Nikaunda Sanduku la Spika

Kosa ni langu peke yangu. Nalisema mapema, usije ukanihurumia kabla hujajua.

Sisi ni watu wa Mutsamudu. Kwetu binti haendi kwa mume. Mume ndiye anayehamia kwa binti, katika nyumba iliyojengwa na ndugu zake. Baba alikwishafariki. Mjomba akajenga nyumba ya mdogo wangu, akaezeka. Mlango ukaachiwa mimi.

Mbao zilikuwepo: za takamaka, mti mgumu wa pwani ya kwetu, nene, zimekaushwa miaka mingi chini ya kitanda cha mama. Nilipewa nizipeleke Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, kwa fundi wa nakshi, maana huko ndiko nilikokuwa naendesha teksi. Mdogo wangu alinisindikiza bandarini.

"Kaka, usiziweke penye maji, zitapinda."

"Nitalala nazo," nikamwambia. Akacheka.

Ilikuwa miaka ya mamluki, Wazungu wa kukodiwa walioishika nchi yetu kwa bunduki. Sisi vijana tulikuwa na ugonjwa mmoja, muziki ndani ya gari. Nilipata spika kubwa ya besi iliyotoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa. Sanduku la kwanza nililiunda kwa plaiwudi, likatetemeka kama debe. Dereva mwenzangu akazigonga zile mbao kwa kidole.

"Hizi ndizo. Besi ikilia humu, watu wa Mvouni kule mlimani watadhani volkano imeamka."

"Ni za mlango wa mdogo wangu."

"Mbao ni mbao, bwana. Utamnunulia nyingine."

Nikachukua msumeno. Nilipokata tundu la duara la kuingizia spika, nilijua halizibiki tena. Niliendelea tu. Nikatia gundi, nikakaza skrubu, nikajaza sufi ndani, nikalifunga kwenye buti. Sauti ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo.

Nyumbani nikatuma salamu kwamba fundi anaumwa.

Haukupita muda, nikasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mzungu mwenye bunduki akafungua buti, akaona sanduku lililozibwa kila upande. Akauliza lina nini.

"Muziki," nikasema.

Hakucheka. Wakalipasua kwa shoka wakitafuta silaha. Ikatoka spika, ikatoka sufi. Nikaambiwa niokote vipande niondoke.

Nilirudi Mutsamudu na mlango wa plaiwudi niliopaka rangi ya kahawia. Mdogo wangu aliushika, ukabonyea chini ya kiganja chake. Alinitazama. Kisha akaniletea nyundo niutundike.

Wanawake wa upande wa mume walipokuja kuikagua nyumba, shangazi mmoja akaugonga kwa pete.

"Huu ndio ule mlango wa takamaka tuliousikia? Mbona unalia kama bati?"

Wakacheka wote. Mdogo wangu akajibu polepole, "Ndio alioniletea kaka yangu."

Ndoa ilifungwa. Mimi nikaanza kuzunguka: Zanzibar, Tanga, sasa Mombasa. Nina miaka zaidi ya arobaini ugenini. Kila nikienda kwetu, mdogo wangu hunitandikia mkeka barazani.

"Kaa hapa nje, kaka, kuna upepo."

Chai huja, watoto wake hunishika mkono. Hata mvua ikinyesha, mkeka husogezwa ukutani tu. Zamani niliumia. Siku hizi nakunywa chai, naondoka.

Ewe uliyekabidhiwa amana ya dada yako, ifikishe kwanza ilikotumwa. Muziki utausikia hata kwenye gari la mwenzio. Nyumba ya dada yako, asipokukaribisha yeye, hakuna mwingine wa kukukaribisha.